Mliikata Tysfjord, Msiikate na Lugha Yake

Barua ya wazi

Kwa: Waziri wa Serikali za Mitaa, Oslo, Meya na madiwani wa Hamarøy, Meya na madiwani wa Narvik, Baraza la Mkoa wa Nordland, Bodø.
Nakala: Bunge la Wasami, Karasjok.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu, niingie moja kwa moja katika lililonifanya nishike kalamu. Tarehe 1 Januari 2020 halmashauri ya Tysfjord ilifutwa. Mageuzi yale yalishusha idadi ya halmashauri za Norwei kutoka 428 hadi 356, na nyingi kati ya zilizopotea zilimezwa nzimanzima na jirani. Tysfjord ilikatwa katikati. Upande wa magharibi, wenye vijiji vya Drag, Storjord, Korsnes na Musken, ukapewa Hamarøy. Upande wa mashariki, wenye Kjøpsvik, ukapewa Narvik. Mpaka mpya mkaupitisha majini.

Siandiki kudai halmashauri ile ifufuliwe. Nadai jambo dogo zaidi, ambalo lingepaswa kwenda sambamba na mstari siku ileile mlipouchora: chombo kimoja cha kudumu, chenye fungu lake la fedha na watu wake walioajiriwa, kinachowahudumia watu wa Tysfjord wa pande zote mbili katika lugha yao, Kisami cha Lule. Nitaeleza kwa nini, na mnivumilie nikirefusha mahali.

Kwanza, kwa nini naandika kwa Kiswahili. Nakala ya Kinorwei mtaipata kwa njia ya kawaida. Hii naiweka hadharani kwa makusudi, kwa sababu sheria yenu inampa mgeni aliyeishi nchini miaka 3 mfululizo haki ya kupiga kura ya halmashauri na ya mkoa, hata kama hana uraia. Mikoa ya kaskazini ina wasemaji wa Kiswahili wengi kuliko mnavyodhani. Wengi wetu ni Wakongo tulioletwa kutoka kambi za Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, tukapangiwa halmashauri ndogondogo ambazo majina yake hatukuwahi kuyasikia. Tulifundishwa Kinorwei, tukafundishwa kupanga takataka katika mifuko ya rangi, tukafundishwa historia ya mfalme na katiba. Habari za Wasami wa Lule, tawi mojawapo la Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini, tuliambiwa kwa kupitia tu, kama mtu anavyokuonyesha kilima kupitia dirisha la basi. Kura za halmashauri zitapigwa tena Septemba 2027, na ni vizuri wapiga kura wa lugha yangu wajue wanamwuliza nini mgombea atakayekuja kuwagongea mlango.

Basi kwa faida yao, hebu niieleze Tysfjord ilikuwa nini.

Ni hori refu la bahari linaloingia bara kati ya milima mikali, mkoani Nordland, kaskazini ya duara ya Aktiki. Wakati wa baridi jua halichomozi kwa wiki kadhaa. Wakati wa kiangazi halizami. Hori hilo lina matawi mengi kama mizizi, na watu wamejenga penye kishamba kidogo kati ya jabali na maji. Halmashauri ilianzishwa mwaka 1869 ilipotengwa na Lødingen, ikaishi miaka 151. Eneo lake lilikuwa kilomita za mraba zaidi ya 1,400, na wakati inafutwa lilikaliwa na watu wapatao 2,000 tu. Katika vitabu vya serikali ilikuwa namba 1850. Namba hiyo sasa haina mtu.

Msidhani palikuwa mahali pa kusahaulika. Kjøpsvik kuna kiwanda cha saruji chenye umri wa zaidi ya miaka 100. Drag husafishwa madini ya kwatzi, safi mno, ya aina inayohitajika katika viwanda vya vifaa vya elektroniki na vya umeme wa jua, kwa hiyo kuna uwezekano kwamba simu iliyo mkononi mwa msomaji ina deni kwa kijiji kile. Mlima Stetind, wenye kimo cha mita 1,392, unasimama kutoka usawa wa bahari kama nguzo iliyochongwa. Wapandaji wa kigeni waliushindwa mara kadhaa, hadi Wanorwei watatu walipofika kileleni mwaka 1910. Mwaka 2002 wasikilizaji wa redio ya taifa waliuchagua kuwa mlima wa taifa. Kulikuwa na miaka ambayo samaki aina ya heringi walijaa katika hori kila majira ya baridi, wakifuatwa na nyangumi wauaji, nao wakifuatwa na watalii wa kila nchi. Heringi wakahama, nyangumi wakawafuata, watalii wakawafuata nyangumi.

Kisha kuna kambakoche. Wale wa Tysfjord wanatajwa kuwa wa kaskazini zaidi duniani, na halmashauri iliwachukua ikawaweka kwenye nembo yake. Mimi naipenda sana nembo hiyo. Halmashauri nyingine zimejichorea taji, upanga, nanga. Hawa wakachora kiumbe wa kitoweo mwenye makucha mawili. Leo kambakoche yule hana ofisi ya kukaa. Hamarøy ina nembo yake, Narvik ina yake.

Sasa, haki itendeke: kukata kulikuwa na hoja. Makao makuu ya halmashauri yalikuwa Kjøpsvik, mashariki, na mtu wa Drag aliyetaka kuonana na ofisa ilimbidi avuke maji kwa kivuko. Upande wa magharibi, barabara na safari za kila siku ziliwaelekeza watu Hamarøy. Upande wa mashariki, tangu barabara ya mahandaki ipenye chini ya milima hadi Ballangen, watu waliitazama Narvik. Wapo wakazi wa kila upande walioridhika na upande waliopewa, na sina sababu ya kuwasemea vinginevyo. Halmashauri yenye watu 2,000, hori katikati na bajeti ya kubana ni mzigo, hilo halina ubishi. Snillfjord, kusini zaidi, mliikata vipande vitatu siku ileile.

Ila Tysfjord haikuwa halmashauri ndogo tu. Mwaka 2006 iliingizwa katika eneo la utawala wa lugha ya Kisami, ikawa halmashauri pekee nchini ambayo Kisami chake rasmi kilikuwa Kisami cha Lule. Jina lake liliandikwa mara mbili, Tysfjord na Divtasvuodna. Mkazi aliweza kuiandikia ofisi kwa lugha hiyo na kudai ajibiwe kwa lugha hiyo. Drag kuna kituo cha Árran, kilichofunguliwa mwaka 1994, chenye makumbusho, utafiti na shule ya chekechea ya Kisami. Kwa watu walioishi vizazi na vizazi wakifichwa na wakijificha, hayo hayakuwa mapambo ya ukutani.

Nisipoeleza kufichwa huko, wenzangu wasomaji hawatanielewa. Tangu katikati ya karne ya 19 serikali ya Norwei ilifuata sera ya kuwageuza Wasami wawe Wanorwei. Mwaka 1898 ilitolewa amri iliyokibana Kisami shuleni: lugha ya mtoto iliruhusiwa tu kama msaada pale isipowezekana kabisa kufanya vingine. Mtoto aliingia darasani hajui neno la Kinorwei na akafundishwa kuona aibu kwa Kinorwei. Baba na mama wakaamua, kwa mapenzi kabisa, kutowarithisha wanao kitu kitakachowaumiza. Ndiyo maana Tysfjord leo utakuta familia ambayo babu ni Msami, baba ni Mnorwei, na mjukuu ni Msami tena. Tahajia rasmi ya Kisami cha Lule ilikubaliwa mwaka 1983 tu. Lugha yenye fasihi simulizi ya karne nyingi, ambayo maandishi yake ya leo ni madogo kwa umri kuliko mimi.

Wasemaji wake, Norwei na Sweden kwa pamoja, makadirio ya kawaida hayavuki 2,000. UNESCO imeiweka katika lugha zilizo katika hatari kubwa ya kutoweka. Kwa lugha ya mamilioni, kama hii ninayoiandika, mstari wa utawala hauna madhara makubwa. Kiswahili kimekatwa na mipaka ya nchi nzima na bado kinaendelea kutamba pande zote. Lugha ya watu wachache namna ile inaishi kwa watu kukutana. Mwalimu mmoja akihama, darasa zima limehama. Familia tatu zikiacha kuonana, mchezo wa watoto unabadilika lugha.

Na huu haukuwa mstari wa kwanza. Mwaka 1751 wafalme wa Denmark-Norwei na wa Sweden walitia saini mkataba wa mpaka. Wasami wa Lule, waliokuwa watu wamoja kutoka maji ya Tysfjord hadi misitu ya Jokkmokk, wakajikuta raia wa nchi mbili. Hata hivyo wachora mpaka wa karne ya 18, ambao hatuwasifu kwa mengi, waliweka kiambatisho katika mkataba wao: Wasami wataruhusiwa kuvuka na wanyama wao kama walivyozoea. Waliona kwamba wanakata kitu kilicho hai, wakaweka njia ya kuvuka. Waheshimiwa, mwaka 2017 Bunge lilipopiga kura ya kuigawa Tysfjord, kiambatisho chenu kilikuwa wapi?

Katika sehemu ya ndani kabisa ya hori, pale Hellemobotn, kutoka maji ya chumvi hadi mpaka wa Sweden ni kilomita 6.3 tu. Ni sehemu nyembamba kuliko zote za Norwei. Wakati wa vita, nchi ilipokuwa mikononi mwa Wajerumani kati ya 1940 na 1945, njia hiyo ilipitisha wakimbizi waliokuwa wakiyaokoa maisha yao, na waliowaongoza walikuwa Wasami wa Tysfjord, watu waliojua theluji ipi inabeba mtu na ipi inammeza. Walitembea usiku, na adhabu ya kukamatwa ilikuwa kifo. Baada ya vita sifa ziliwaendea wengine kwa muda mrefu sana. Mimi nimekulia Nyarugusu, kambini, mkoani Kigoma. Najua thamani ya mtu anayekuonyesha njia usiku bila kukuuliza una nini mfukoni. Nilipoisoma habari hii nilikaa nayo siku nyingi. Halmashauri zenu zinatufundisha sisi wakimbizi jinsi ya kuwa raia wema, nazo hazikuwahi kutuambia kwamba karibu hapo kuna watu ambao ukarimu kwa mkimbizi ni sehemu ya historia ya ukoo.

Kazi yangu ni ukalimani. Nimekaa jikoni kwangu na kipokea sauti masikioni, nikitafsiri maneno ya daktari aliyeko mji mwingine kwa mama aliyeko mji wa tatu. Tangu Januari 2022 kuna sheria ya ukalimani inayozibana ofisi za umma, na naishukuru, maana inanipa ugali. Lakini kazi hii imenifunza jambo moja ambalo nataka mlisikie kutoka kwa anayeifanya: mkalimani anavusha maneno, havushi uaminifu. Mzee akianza kueleza jambo zito kwa lugha yake, hutazama kwanza uso wa anayemsikiliza. Akiona haeleweki hulifupisha. Akilifupisha mara mbili, mara ya tatu halisemi tena.

Hapa natakiwa kulitaja lile ambalo watu wa Tysfjord wamechoka kutajiwa, nalitaja kwa sababu linahusu hoja yangu na si kwa sababu nyingine. Juni 2016 gazeti la VG lilichapisha ushuhuda wa watu 11 wa Tysfjord waliosimulia, kwa majina na sura zao, jinsi walivyofanyiwa ukatili wa kingono. Polisi wakachunguza, Novemba 2017 ripoti yao ilikuwa imefikia kesi 151, baadhi za miongo mingi nyuma. Wengi wa waliohusika walikuwa na asili ya Kisami. Ripoti ilieleza juu ya watu waliojaribu kusema na hawakusikilizwa, na juu ya jamii iliyokuwa imekwisha kupoteza imani na ofisi. Ndipo ahadi zikatolewa: msaada wa kudumu, wataalamu wanaoijua lugha na mila, ofisi zinazoaminika. Bunge lilikuwa limeshapitisha mgawanyo miezi michache kabla. Kwa hiyo wakati uleule watu wanaambiwa wajenge upya imani na halmashauri yao, halmashauri yenyewe ilikuwa inafungasha makabati.

Imani na ofisi haihamishwi kwa barua. Aliyejikaza miaka mingi hadi akamfungukia mhudumu mmoja wa Kjøpsvik au Drag hawezi kuambiwa kwamba faili lake limekwenda mahali pengine na ataitwa.

Niwapeleke kivukoni. Ukisimama gatini Drag kusubiri kivuko cha Kjøpsvik, magari yamepangwa katika mistari iliyochorwa chini, injini zimezimwa, upepo unaingia kwenye mikono ya koti hata ukiwa umejifunga vipi. Nilikuwa pale mwezi wa tatu, theluji ikiwa bado imelundikwa kando kama chumvi chafu. Mbele yangu alikuwa bibi mmoja na mjukuu wa miaka minne hivi. Kivuko kilipofungua mdomo na magari yakaanza kushuka, mtoto akaanza kuyahesabu kwa sauti, kwa Kisami cha Lule: akta, guokta, gålmmå. Gari la nne lilipotokea akasita, halafu akaendelea kwa Kinorwei: fire, fem, seks. Bibi hakumkemea wala hakumsahihisha palepale. Alisubiri magari yote yashuke, akamwinamia, akaanza naye upya kutoka moja, polepole, akimgusa kidole kimoja kimoja, hadi wakafika kumi. Lile neno la nne walilirudia mara kadhaa kabla ya sisi kuitwa tuingie.

Ule ndio mtaala wa Kisami cha Lule upande wa mashariki, waheshimiwa, nami sitii chumvi sana nikisema hivyo. Sheria ya elimu inampa mtoto wa Kisami haki ya kujifunza lugha yake katika shule ya msingi popote alipo nchini. Kwa karatasi ni sheria nzuri ambayo nchi nyingi zingeionea wivu. Haki hiyo inahitaji mwalimu, na walimu wa Kisami cha Lule ni haba. Wanaandaliwa Bodø, katika Chuo Kikuu cha Nord, kwa idadi ambayo lugha ndogo inaweza kutoa. Hamarøy imeurithi wajibu wa Tysfjord katika eneo la utawala wa lugha, na jina lake la Kisami, Hábmer, liko kwenye vibao. Narvik ni mji wa reli na bandari ya madini ya chuma kutoka Kiruna, halmashauri yenye watu zaidi ya 20,000, na Wasami wa eneo lake kwa asili ni zaidi wa Kisami cha Kaskazini. Hizo ni lugha mbili, zenye tahajia mbili. Ofisa wa Narvik anayesema “sisi tunawahudumia Wasami” anaweza kuwa anasema kweli kabisa, na bado mjukuu yule asipate mtu wa kumfikisha kwenye nne.

Sasa nieleze ninachokitaka, na nianze na lililo zito.

Nataka Hamarøy, Narvik na mkoa wa Nordland mtie saini makubaliano ya kudumu juu ya Tysfjord yote, na Wizara iyalipie. Kama vipo vikao vya ushirikiano, vizuri, viendelee. Kikao si chombo. Chombo kina bajeti, kina mwajiri, kina anwani. Mwalimu wa Kisami cha Lule, mlezi wa chekechea, muuguzi wa wazee, mshauri wa waathirika, hawa waajiriwe kwa ajili ya hori zima na si kwa ajili ya kingo moja, wafundishe Drag Jumatatu na Kjøpsvik Jumanne bila wahasibu wawili kugombania mafuta ya gari. Árran iko pale tayari, ina jengo na ina watu wanaojua kazi; iulizwe kwanza, kabla ya kuundwa kamati ya kutafakari kama iulizwe. Katiba yenu, kifungu cha 108, inaibebesha dola wajibu wa kuwawezesha Wasami kulinda lugha na utamaduni wao. Wajibu huo ni wa dola. Hauishii pale mpaka wa halmashauri ulipopita.

Kivuko ni sehemu ya sera ya lugha. Najua hilo litawachekesha wapanga ratiba, wanaohesabu magari kwa saa na kuamua safari ipi ifutwe. Barabara kuu ya E6 ina kivuko kimoja tu katika nchi nzima, kati ya Bognes na Skarberget, nacho kinavuka hori hilihili. Kile kinalindwa kwa sababu malori ya nchi nzima yanakitegemea. Cha Drag hadi Kjøpsvik hakina malori ya kukitetea. Kina nyanya wanaokwenda kuwaona wajukuu, vijana wa mpira, waimbaji wa kwaya, watu wa mazishi. Ikiwa safari ya jioni haipo, mtu anayehudhuria darasa la jioni ng'ambo ya pili hana pa kulala, na darasa litakufa kwa kukosa wanafunzi, kisha mtu ataandika katika ripoti kwamba hamasa ilikuwa ndogo. Mkoa unapopanga safari za kivuko kile, uwe na mtu wa Bunge la Wasami mezani.

Musken nao wasisahaulike. Kijiji kile hakina barabara ya gari inayokifikia. Mtu huingia na kutoka kwa boti. Walikuwa mbali na makao makuu yalipokuwa Kjøpsvik, na bado wako mbali sasa yalipo Oppeid, katika Hamarøy. Pengine kwao mgawanyo haukubadilisha kitu, na hilo nalo ni la kufikiria.

Kuhusu kumbukumbu: mihtasari ya vikao, daftari za shule, ramani, barua za miaka 150, ziwe na orodha moja inayosomeka kwa Kinorwei na kwa Kisami cha Lule, na mkazi wa upande wowote azipate bila kuambiwa kwamba mwaka anaoutafuta uko kwa jirani. Na kambakoche apewe kazi. Mruhusuni akae kwenye vibao vya gati zote, Drag na Kjøpsvik, Bognes na Skarberget, pamoja na majina yote mawili ya mahali. Huko nyuma vibao vya Kisami katika mikoa ya kaskazini vimepakwa rangi na hata kupigwa risasi. Vikiharibiwa, wekeni vingine wiki hiyohiyo. Gharama ya bati haiwezi kuwashinda.

Mtaniambia kwamba mambo yamekwisha, sheria imepita, ramani zimechapwa. Lakini nyinyi wenyewe mmeonyesha kwamba ramani hurekebishwa. Haram, iliyounganishwa na Ålesund Januari 2020, ilitoka tena Januari 2024 na ikawa halmashauri kamili, ndiyo maana sasa mko 357. Mkoa wa Viken ulivunjwa siku hiyohiyo, mikoa ya Troms na Finnmark ikaachana, ya Vestfold na Telemark ikaachana. Waliokuwa wengi na wenye sauti walisikilizwa. Haram ina watu zaidi ya 9,000. Tysfjord, hata ikiwa nzima, haikufikia robo ya hao, na baada ya kukatwa kila nusu ni wachache ndani ya wengi. Hawana tena meya wa kuja Oslo kuwapigia mlango. Hilo ndilo jeraha la mgawanyo wenyewe: uliwaondolea mtu wa kulalamika kwa niaba yao.

Tena kuna deni jipya. Tume ya Ukweli na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake Bungeni tarehe 1 Juni 2023, na tarehe 12 Novemba 2024 Bunge liliwaomba radhi Wasami, Wakven na Wafini wa Misituni kwa sera ile ya kuwafuta. Niliufuatilia mjadala ule kwenye televisheni. Nimeishi katika nchi ambazo serikali haijawahi kuomba radhi kwa mtu yeyote kwa jambo lolote, kwa hiyo sibezi. Ila radhi yenye uzito hufuatwa na fungu katika bajeti, na Tysfjord ni mahali pa kuanzia ambapo mnajua hasa mlichokifanya, mwaka mlioufanya, na saini zilizowekwa.

Wenzangu wa Kiswahili mlioko Narvik, Hamarøy, Bodø na kwingineko: najua mna shida zenu, kodi ya nyumba, vibali, watoto wanaowajibu kwa Kinorwei mkiwasemesha kwa Kiswahili. Hilo la mwisho ndilo linalotufanya tuwe na neno katika jambo hili. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mkiitwa kwenye mkutano wa halmashauri, na kahawa ikiwa imeshamiminwa, ulizeni swali moja: mtoto wa Kjøpsvik anayetaka kusoma Kisami cha Lule mwaka huu atafundishwa na nani, siku gani, na nani anamlipa mwalimu? Msikubali jibu lisilo na jina la kazi na kiasi cha fedha.

Waheshimiwa, madiwani wa Hamarøy na wa Narvik hupitisha bajeti zao kila Desemba, na mkoa vilevile. Naomba majibu matatu kabla ya hapo, kwa maandishi: kama mko tayari kukaa meza moja na Árran na Bunge la Wasami juu ya chombo hiki, nani kati yenu ataitisha kikao cha kwanza, na Wizara itachangia shilingi ngapi, au krona ngapi, kama mnavyohesabu huku. Jibu la Kisami cha Lule litapokelewa pia. Nitatafuta mtu wa kunisomea, na nitamlipa.

Wenu katika ujenzi wa mahali petu,

Mkalimani na mpiga kura,
Mkoa wa Nordland